Jinsi ya Kumjenga Mhusika Anayefanya Kazi Mezani: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Dungeons & Dragons ni mchezo wa mezani ambamo kila mchezaji anaigiza mhusika wake, na dadu huamua kama analolijaribu limefaulu. Swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko mengine yote kuhusu mchezo huu ni hili: "Mhusika wangu ana namba nzuri kwenye karatasi, mbona tukianza kucheza hafui dafu?" Wanaouliza si wavivu. Wamesoma kitabu cha kanuni, wamelinganisha silaha, wengine wamepanga ngazi zote 20 kabla ya kurusha dadu hata moja. Pambano la kwanza likianza, wanakosa shabaha, wanaanguka mapema, au wanabaki wakipekua karatasi huku wenzao wakisubiri.

Nimekagua karatasi nyingi za wahusika wa namna hiyo, na karibu kila mara kosa ni lile lile. Mhusika amejengwa ili apendeze kwenye karatasi, wakati mchezo wenyewe unachezwa zamu kwa zamu. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na zamu na kuishia kwenye zamu.

Namba zote hapa ni za toleo la 5 la Dungeons & Dragons. Toleo hilo lina kanuni za 2014 na kanuni zilizorekebishwa za 2024. Pale zinapotofautiana kwa jambo linalotuhusu, nitasema. Kama mnacheza mchezo mwingine, fuata hatua hizi hizi na uweke namba za mchezo wenu.

## Maneno nitakayotumia

Fani ni kazi ya mhusika: mpiganaji, mchawi, kuhani, mwizi, malenga na kadhalika. Alama za uwezo ni sita: Nguvu, Wepesi, Ustahimilivu, Akili, Busara na Haiba. Kinga ni namba ambayo adui lazima aifikie kwa dadu ya pande 20, pamoja na bonasi yake ya kupiga, ili akupige. Dadu ya kujinusuru ni ile unayorusha ili kuepa sumu, moto au uchawi. Ngazi ni kiwango cha mhusika, kuanzia 1 hadi 20. Kipaji ni uwezo wa ziada unaouchagua mhusika anapofika ngazi fulani. Bonasi ya ujuzi ni nyongeza ya dadu inayokua kadiri ngazi zinavyopanda. Uhai ni pointi zinazopunguzwa na madhara ya kila pigo; zikiisha, mhusika anaanguka. Mwendesha mchezo ni yule anayesimulia kisa na kuwachezesha maadui.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Karatasi mbili tupu za mhusika: moja ya ngazi mtakayoanzia, nyingine ya ngazi ya 5.
- Penseli na kifutio. Utafuta sana, na ndivyo inavyotakiwa.
- Seti kamili ya dadu: za pande 4, 6, 8, 10, 12 na 20.
- Kitabu cha kanuni kinachotumika mezani kwenu, na uhakika kwamba ni cha 2014 au cha 2024. Usichanganye vyote viwili bila ruhusa.
- Kikokotoo cha kawaida, hata cha simu.
- Kadi ndogo au kipande cha karatasi ngumu, kwa ajili ya hatua ya 5.

## Hatua ya 1: Muulize mwendesha mchezo kabla hujachagua chochote

Watu huiruka hatua hii kwa sababu haina dadu wala msisimko. Ndiyo hatua inayookoa muda mwingi kuliko zote.

Uliza: Tunaanza ngazi ya ngapi, na kisa kinatarajiwa kufika ya ngapi? Alama za uwezo tunanunua kwa pointi, tunatumia orodha iliyopangwa, au tunarusha dadu? Mseto wa fani, yaani mhusika mmoja kuwa na ngazi za fani mbili, unaruhusiwa? Na kwa kawaida tutapigana mara ngapi kabla ya kupata pumziko refu?

Swali hilo la mwisho linabadilisha kila kitu. Pumziko refu ni la saa 8, na ndipo mchawi na kuhani hurudishiwa akiba yao yote ya uchawi. Pumziko fupi ni la saa 1, na ndipo mpiganaji hurudishiwa uwezo wake wa kuongeza tendo, na mchawi wa maagano hurudishiwa uchawi wake. Meza yenye pambano moja kwa siku inampendelea anayeweza kumwaga akiba yote kwa mara moja. Meza yenye mapambano matano au sita inampendelea yule ambaye nguvu zake haziishi. Fani ile ile, kwenye meza mbili tofauti, inaweza kuwa tegemeo huku na mzigo kule.

Umefaulu ikiwa: majibu hayo umeyaandika. Kuyakumbuka kichwani hakutoshi.

## Hatua ya 2: Andika kazi ya mhusika kwa sentensi mbili

Sentensi ya kwanza: katika pambano, mhusika wangu kila zamu anafanya nini? Sentensi ya pili: nje ya pambano, wenzangu watanigeukia mimi kwa jambo gani?

Mfano unaofaa: "Anasimama mbele na upanga wa mikono miwili, anamwangusha adui mwenye uhai mwingi kuliko wote. Nje ya pambano, yeye ndiye anayepanda kuta, anayevunja milango na anayeogelea."

Mfano usiofaa: "Anapigana kwa upanga, anatumia uchawi, anaponya, na pia ni mjanja." Hizo ni kazi nne. Kwa zamu moja utafanya moja tu, na kila pointi uliyoitoa kwa zile tatu nyingine umeinyima hiyo moja.

Kuwa na kazi moja hakumaanishi kuwa na tabia moja. Mpiganaji wako anaweza kuwa mshairi, mwoga wa giza, au mtoto wa mfalme aliyetoroka. Hayo hayagharimu pointi hata moja, kwa hiyo yajaze unavyotaka. Nasema hivi kwa sababu wapo wanaodhani mhusika mwenye namba nzuri hawezi kuwa na nafsi. Si kweli. Mhusika anayefaulu kazi yake hupata nafasi nyingi zaidi ya kusimuliwa.

Umefaulu ikiwa: mtu asiyecheza akizisoma sentensi hizo anaelewa mhusika wako ni wa nini.

## Hatua ya 3: Nunua alama za uwezo kwa jicho la namba shufwa

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Kwenye dadu alama yenyewe haitumiki. Kinachotumika ni bonasi yake. Bonasi hupatikana kwa kutoa 10 kwenye alama, kugawanya kwa 2, na kushusha chini sehemu inayobaki. Alama 14 inatoa +2. Alama 15 nayo inatoa +2. Ukiishia kwenye 15 bila mpango wa kuipandisha, umenunua kitu kisichokufaa kitu.

Kwa njia ya pointi, unapewa 27. Bei ni hizi: alama 8 ni bure, 9 ni pointi 1, 10 ni 2, 11 ni 3, 12 ni 4, 13 ni 5, 14 ni 7, na 15 ni 9. Angalia bei inavyoruka: hadi 13, kila alama inaongeza pointi 1, kutoka 13 kwenda 14 ni pointi 2, na kutoka 14 kwenda 15 ni 2 tena.

Baada ya hapo unaongeza nyongeza za mhusika. Katika kanuni za 2014 nyongeza hizo hutoka kwenye jamii ya mhusika; katika zile za 2024 hutoka kwenye historia yake, na unachagua kati ya +2 na +1, au +1 tatu.

Sasa linganisha wapiganaji wawili wa ngazi ya 1, wote wakiwa na nyongeza ya +1 tatu.

Wa kwanza amesambaza pointi sawasawa ili asiwe na udhaifu: 13, 13, 13, 12, 12, 12. Baada ya nyongeza, Nguvu zake ni 14, bonasi +2. Wa pili amenunua 15, 15, 13, 10, 10, 8. Baada ya nyongeza ana 16, 16, 14, 10, 10, 8, na Nguvu zake zinampa +3.

Wakimkabili adui mwenye Kinga 13 kwa upanga wa mikono miwili, na kila mmoja akiwa na bonasi ya ujuzi ya +2, wa kwanza anapiga kwa nafasi ya 60% na wa pili kwa 65% (njia ya kuhesabu iko hatua ya 6). Ukihesabu na madhara, wa kwanza hutoa wastani wa 5.75 kwa pigo na wa pili 6.85. Tofauti inaonekana ndogo. Lakini katika mapigo 10 pengo ni pointi 11 za uhai, na haliishi: wa pili akifika 18, wa kwanza ndiyo kwanza anafika 16. Tena wa pili hakupoteza mengi. Ana bonasi +3 mbili na +2 moja mahali panapomfaa, na udhaifu mmoja tu, ule wa alama 8.

Swali linalofuata huwa: nichukue 16, 16, 14, au nichukue +2 na +1 nipate 17, 16, 13? Jibu liko kwenye majibu ya hatua ya 1. Ile 17 inatoa +3 sawa na 16. Faida yake huja ngazi ya 4, ukichagua kipaji kinachopandisha alama kwa 1 na kukufikisha 18. Kisa kikiisha ngazi ya 3, chukua 16, 16, 14. Kikienda mbali, 17 ni mbegu nzuri.

Onyo: usiweke 8 kwenye Ustahimilivu. Kamwe. Sababu inafuata.

Umefaulu ikiwa: alama ya kazi yako kuu ni 16 au 17 mnapoanza, na kila alama witiri uliyobakiza ina tarehe ya kupandishwa.

## Hatua ya 4: Hakikisha utabaki umesimama

Mhusika aliyeanguka ana mchango sifuri, hata awe na upanga gani.

Chukua mchawi wa ngazi ya 5. Akiwa na Ustahimilivu 14, kwa wastani uliopangwa wa kitabu, ana uhai 32. Akiwa na 8, ana 17. Uchawi wa mpira wa moto unarusha dadu 8 za pande 6, yaani wastani wa 28, na anayefaulu kujinusuru hupata nusu. Mchawi wa kwanza akifeli bado amesimama na uhai 4. Wa pili yuko chini. Na hata akifaulu anabaki na 3. Nimekaa mezani na mchawi wa aina hiyo ya pili. Mchezaji wake alikuwa na mpango mzuri sana, na jioni nzima hakupata zamu hata mbili za kuuonyesha.

Kuna sababu ya pili, kubwa zaidi kwa wenye uchawi. Uchawi mwingi wenye nguvu ni wa kushikilia: unaendelea kufanya kazi mradi akili yako haijatikiswa. Ukipigwa, unarusha dadu ya Ustahimilivu, na lazima ufikie 10 au nusu ya madhara uliyopata, ipi iliyo kubwa. Kwa kiwango cha 10, mwenye bonasi −1 anaushikilia uchawi wake kwa nafasi ya 50%, mwenye +2 kwa 65%. Wakipigwa mara mbili, wa kwanza anabaki na 25%, wa pili na karibu 42%. Ukiongeza kipaji kinachokuruhusu kurusha dadu mbili na kuchukua kubwa, yule wa +2 anapanda hadi karibu 88% kwa pigo moja. Kwa kuhani au mchawi anayetegemea uchawi wa kushikilia, ninakipendekeza kipaji hicho kabla hajagusa kingine chochote.

Kuhusu Kinga: kila nyongeza ya 1 inapunguza nafasi ya adui kwa 5%, lakini uzito wake hukua kadiri unavyokuwa nayo nyingi. Adui aliyekuwa akikupiga mara 10 kati ya 20, sasa anakupiga mara 9. Umepunguza mapigo kwa moja ya kumi. Aliyekuwa akikupiga mara 5 kati ya 20, sasa mara 4; umepunguza kwa moja ya tano. Maana yake ni kwamba anayesimama mbele na ajilimbikizie Kinga bila kusita, na anayesimama nyuma anunue umbali na pa kujificha.

Deraya ya minyororo inatoa Kinga 16, na ngao inaongeza 2. Kumbuka tu kwamba deraya hiyo inadai Nguvu 13, la sivyo mwendo wako unapungua kwa futi 10.

Umefaulu ikiwa: Ustahimilivu wako ni 14 au zaidi, au angalau 12 ukiwa na sababu unayoweza kuieleza.

## Hatua ya 5: Chora zamu yako kwenye kadi

Hiki ndicho kiini cha mwongozo wote. Chukua ile kadi ngumu, igawe safu nne: tendo, tendo la ziada, kujibu, kushikilia. Katika kila zamu una tendo moja, tendo la ziada moja ikiwa kuna kitu kinachokupa, na kati ya zamu zako una nafasi moja ya kujibu. Uchawi wa kushikilia ni mmoja tu kwa wakati. Ukianzisha wa pili, wa kwanza unazimika.

Andika kila uwezo wa mhusika wako kwenye safu yake. Kisha tazama.

Safu yenye vitu vitano ni foleni. Mwindaji aliyechagua silaha mbili chini ya kanuni za 2014 analitumia tendo la ziada kwa pigo la mkono wa pili. Akijifunza ule uchawi wa kuweka alama juu ya windo, nao unaanzishwa kwa tendo la ziada, na kuhamishwa kwa windo jipya ni tendo la ziada tena. Kwenye karatasi amekusanya vyote viwili. Mezani, kila adui anapokufa, analazimika kuacha kimoja.

Mwizi naye ana mvutano wa namna hiyo: kujificha, kukimbia na kujinasua bila kupigwa vyote viko kwenye tendo la ziada kuanzia ngazi ya 2. Pigo lake la kuvizia, ambalo ngazi ya 5 ni dadu 3 za pande 6, linapatikana mara moja tu kwa zamu. Basi kwake pigo la mkono wa pili ni nafasi ya pili ya kulipata pigo hilo endapo la kwanza limekosa. Amua kabla, usiamue wenzako wakiwa wanakutazama.

Safu tupu nayo ni hasara. Wapiganaji wengi hawana kitu kwenye safu ya kujibu zaidi ya kumpiga adui anayekimbia. Kipaji kinachojaza safu tupu mara nyingi hukufaa kuliko kinachoongeza kidogo kwenye safu iliyojaa, hata kama kwa maelezo kinaonekana dhaifu.

Na safu ya kushikilia? Kama mchawi wako amejifunza uchawi sita na mitano ni ya kushikilia, ukweli ni kwamba ana uchawi miwili. Futa miwili au mitatu, weka usiohitaji kushikiliwa.

Umefaulu ikiwa: kila safu ina kitu kimoja cha kawaida na kimoja cha dharura, na unaweza kusema zamu yako ya kwanza bila kuitazama kadi.

## Hatua ya 6: Piga hesabu ya wastani

Usiogope, ni kujumlisha na kuzidisha tu.

Nafasi ya kupiga ni: 21, jumlisha bonasi yako ya kupiga, toa Kinga ya adui, kisha gawanya kwa 20. Wastani wa dadu ni nusu ya jumla ya upande mdogo na upande mkubwa: dadu ya pande 6 ni 3.5, ya 8 ni 4.5, ya 12 ni 6.5. Zidisha nafasi kwa wastani wa madhara. Mwisho, ongeza 5% ya wastani wa dadu za silaha, kwa sababu 20 kavu hurusha dadu hizo mara mbili.

Tumchukue mpiganaji wetu, sasa yuko ngazi ya 5: Nguvu 18, bonasi ya ujuzi +3, jumla +7. Adui ana Kinga 15. Nafasi ni 13 kati ya 20, yaani 65%. Upanga unatoa wastani wa 7, ongeza 4, ni 11. Wastani wa pigo: 7.15, na 0.35 ya lile 20 kavu, jumla 7.5. Ana mapigo mawili, basi 15 kwa zamu.

Katika kanuni za 2014 kuna kipaji cha silaha nzito kinachokuruhusu kutoa 5 kwenye bonasi ya kupiga ili uongeze 10 kwenye madhara. (Katika zile za 2024 kimebadilika: hakuna tena kutoa, na kinachoongezwa ni bonasi ya ujuzi.) Wengi wanaotumia kipaji hicho cha 2014 hukitumia kila pigo, halafu wanalalamika kwamba wanakosa. Tazama namba.

Dhidi ya Kinga 15, nafasi inashuka hadi 40%, lakini wastani wa pigo unapanda kutoka 7.5 hadi 8.75. Kinafaa. Dhidi ya Kinga 18, bila kipaji unapata 5.85, na ukikitumia 5.6. Hakifai. Ukiwa katika hali ya faida, yaani unarusha dadu mbili na kuchukua kubwa, dhidi ya Kinga 15 unapata 10.3 bila kipaji na 14.1 ukikitumia. Hapo kinafaa mno.

Kwa hiyo kipaji hakina thamani moja. Thamani yake inategemea nani yupo mbele yako na nani yupo kando yako. Andika kwenye kadi: "Kinga 17 kushuka, au Kinga 18 nikiwa katika hali ya faida: tumia. Vinginevyo, acha." Mstari huo mmoja utakusaidia kuliko kuongeza silaha ya tatu.

Onyo: wastani haukuahidi chochote kwa pigo moja. Ukikosa mara tatu mfululizo, hesabu haijaharibika na mhusika hana kosa. Usimvunje mhusika kwa sababu ya jioni moja ya dadu mbaya.

## Hatua ya 7: Jaza karatasi ya ngazi ya 5, na usichanganye fani kabla yake

Ngazi ya 5 ndiyo mlima mkubwa wa mchezo huu. Bonasi ya ujuzi inapanda kutoka +2 hadi +3. Mpiganaji, mwindaji na mtawa wanapata pigo la pili. Mchawi na kuhani wanaufungua uchawi wa daraja la 3 (uchawi una madaraja yake, tofauti na ngazi za mhusika), na uchawi wao mdogo wa kushambulia usioisha unaongezewa dadu.

Sasa mtazame anayefika hapo akiwa mpiganaji wa ngazi 3 na mchawi wa ngazi 2. Hana pigo la pili. Hana uchawi wa daraja la 3, wala hata wa daraja la 2. Wenzake wote wameruka, yeye amebaki bondeni, na atabaki huko ngazi kadhaa. Hili ni kosa la pili kwa wingi kati ya yote niliyoyaona, na linawapata zaidi wachezaji wenye ubunifu, jambo linaloniuma.

Upo mseto mmoja wa mapema ninaouheshimu: mchawi anayeanza na ngazi 1 ya mpiganaji. Anapata deraya nzito, ngao, na ustadi wa dadu ya kujinusuru ya Ustahimilivu, ambao unalinda uchawi wake wa kushikilia. Gharama yake ni kufika daraja la 3 la uchawi kwenye ngazi ya 6. Ni bei ya kweli, lakini ni ya ngazi moja tu. Kumbuka kwamba mseto unadai angalau 13 kwenye alama kuu ya kila fani, na kwamba deraya nzito inadai Nguvu zake.

Mengine ya ngazi za juu yaandike kwa penseli nyepesi. Visa vingi huishia kabla ya hapo, na vifaa mtakavyookota njiani vitapindua mipango.

Umefaulu ikiwa: mhusika wako anafanya kazi yake kuanzia ngazi mnayoanzia. Ukisikia unajitetea kwa "subiri nifike ngazi ya 11", rudi hatua ya 2.

## Hatua ya 8: Linganisha kadi yako na za wenzako

Nyongeza kubwa kuliko zote haiko kwenye karatasi yako.

Kuna uchawi wa daraja la 1 wa kuhani, wa baraka: watu watatu wanaongeza dadu ya pande 4 kwenye kila pigo na kila dadu ya kujinusuru. Wastani wa 2.5 ni sawa na 12.5% zaidi. Mpiganaji wetu anayetoa 5 kwa ajili ya 10 anapanda kutoka 40% hadi 52.5%, na wastani wake wa zamu kutoka 17.5 hadi 22.75. Hiyo ni zaidi ya pointi 5 kila zamu kutoka kwa mtu mmoja, na bado wapo wawili wengine, na bado hatujahesabu sumu watakazoziepa. Kuhani ametumia tendo moja tu, mwanzoni.

Kaeni pamoja nusu saa kabla ya kuanza. Tafuteni kazi iliyorudiwa na kazi isiyo na mtu. Nani anamweka adui katika hali ya sisi kupata faida? Nani anainua aliyeanguka? Wahusika wawili wa mbele wanasaidiana vizuri sana. Wahusika wanne wa nyuma watakimbia sana.

Na mtazame pengo la nguvu kati yenu. Ukiona hesabu yako ni maradufu ya jirani yako, msaidie kuijenga kadi yake, au geuza kazi yako iwe ya kumwinua yeye. Mwendesha mchezo akilazimika kuongeza ukali wa maadui kwa ajili yako peke yako, wanaoumia ni wenzako.

Umefaulu ikiwa: unajua angalau jambo moja ambalo mwenzako atalifanya vizuri zaidi kwa sababu wewe upo.

## Hatua ya 9: Mjaribu kwa zamu tatu

Rusha dadu za kweli. Weka adui watatu wa kufikirika: mmoja wa Kinga 13, mmoja wa Kinga 15, mmoja wa Kinga 18. Cheza zamu tatu kwa kila mmoja, ukiwa na kadi tu, bila kitabu. Katika zamu ya pili, jipige: jiwekee madhara 10, rusha dadu ya kushikilia kama unahitaji. Katika zamu ya tatu, jiondolee kitu muhimu: silaha imeanguka, au akiba ya uchawi imeisha.

Hesabu sekunde za kuamua. Zikizidi 30, kadi ina vitu vingi mno, futa kilichokuchelewesha. Ukijikuta katika zamu ya tatu huna la kufanya, vitu vya dharura havijajazwa kwenye kadi. Ukijikuta umesahau uwezo fulani katika zamu zote tisa, utausahau na mezani pia. Ubadilishe na kitu kingine sasa, wakati kubadilisha bado ni bure.

Baada ya vikao vitatu vya mchezo halisi, itoe kadi tena. Weka alama mbele ya kila ulichokitumia. Kisichokuwa na alama, muulize mwendesha mchezo kama anaruhusu kukibadilisha mkipanda ngazi; wengi hukubali ukieleza sababu na kadi ikiwa mkononi.